Salamu Niliyotoa Kabambare

Mawese yalipochemka asubuhi, mtaa wetu wa Kasongo ulinukia wote, na harufu hiyo mpaka leo hunirudisha jikoni kwa Koko Andea. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mjane wa Kibangubangu, jirani yetu, nasi watoto wote wa mtaa tulikuwa wajukuu zake. Wasichana wenzangu walicheza na wanasesere wa migomba, mimi nilicheza na lugha. Kizimba nilizaliwa nacho, Kilega nilikiokota sokoni kwa wauza chumvi, na Kifaransa niliimba tu kanisani bila kuelewa kitu. Lakini Kibangubangu nilikipenda kuliko vyote, kwa sababu Koko alinifundisha kwa mzaha. Aliniita mke mwenzake mwenye miguu ya korongo, nami nikamwuliza meno yake yametafunwa na nani, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Bibi na mjukuu kwetu hutaniana hivyo. Mimi, kwa utoto wangu, niliamini Wabangubangu wote husalimiana hivyo na wazee wao.

Msimu wa pamba ulipokwisha, tulimpeleka dada yangu mkubwa, Yaya Feza, kwa mume wake huko Kabambare, kwa Wabangubangu. Alimpenda kijana yule hadi akawa anaimba peke yake akipepeta mpunga. Baba aliomba ruhusa ya safari kwenye ofisi ya Wabelgiji, tukapanda lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope, na njia nzima nilikuwa narudiarudia maneno yangu kimoyomoyo. Tulimkuta baba mkwe amekaa uani, jamaa zake mikekani. Kilichobaki ni yeye kumshika Yaya mkono na kumwingiza ndani, basi, awe mtoto wa nyumba ile. Shangazi mmoja wa upande wao akaniambia, “Wanasema unajua luga yetu. Salimia muzee, tusikie.” Nikasimama mbele ya mzee, nikamwuliza kwa Kibangubangu safi, kwa sauti kubwa, meno yake yametafunwa na nani.

Hakuna aliyecheka. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mzee alimgeukia baba, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie: “Mutoto hawezi kujifunza matusi peke yake. Ni kwenu yalitoka.” Akainuka, akaingia ndani peke yake. Mama mkwe ndiye aliyemwingiza Yaya jioni, kwa mlango wa nyuma, dada yangu akilia. Mzee yule aliishi miaka mingi, na hakumsemesha dada yangu hata mara moja. Akitaka maji, alimtuma mtoto amwambie. Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Tuliporudi Kasongo, Koko aliniita kwa Kibangubangu, nami nikamwitikia kwa Kiswahili, na sikuwahi kumweleza sababu.

Siku hizi vijana hujifunza lugha kwenye simu, wakikosea wanacheka na kuendelea. Nawaonea wivu. Wajukuu wa Yaya wanajua Kiswahili na Kifaransa tu, na juzi nilipomtembelea waliniomba niwasemeshe kidogo lugha ya mababu zao. Nikasita. Yaya, ambaye sasa haoni tena, akanipapasa mkono.

“Sema tu, mudogo yangu. Wenye wangekasirika wote walishakufa.”

Nilifungua kinywa, na maneno yote yalikuwepo. Nikaona haya, mimi mzee mwenye mvi, nikawaambia watoto wale kwamba nimesahau.