Hedifoni za Cutler Gap

Rondal Absher aliendesha magari ya mashindano miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakukosea hata mara moja. Tairi lilikosea. Injini ilikosea. Jua la Karolina Kaskazini lilimpiga machoni yeye peke yake kati ya madereva wote. Nayajua haya kwa sababu nakodisha hedifoni getini kwenye uwanja wa Cutler Gap, zile ambazo mtazamaji anavaa akamsikia dereva anavyozungumza na watu wake kwa redio, na hakuna sauti iliyowahi kunichosha kama ya huyo bwana.

Haki yake nitampa: alipoanza, kwenye vumbi, na gari la marehemu baba yake, alijua kukanyaga mafuta. Kisha akaoa binti wa mwenye kinu cha chakula cha kuku, na baba mkwe akamnunulia nafasi kwenye ligi kubwa inayoonyeshwa kwenye televisheni. Huko hakushinda kitu. Alichojifunza ni kushika chupa ya soda lebo ikitazama kamera, na kumshukuru Mungu na chakula cha kuku kwa pumzi moja, kabla hata hajafuta jasho. Walipomchoka akarudi nyumbani, na sisi, wajinga wa kutupwa, tukajipanga barabarani kumpokea. Akina mama wa kanisani wakamwokea keki. Alikuwa ametokea kwenye televisheni, basi tukaona ni mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mdogo wake, Wendell. Dereva akishafungwa mikanda na kuvaa helmeti haoni ubavuni, kwa hiyo lazima awe na mtu juu ya paa la jukwaa anayemtazamia njia. Gari la mwenzako likiwa upande wa kushoto, mtu huyo anasema "ndani". Kukiwa hakuna mtu, anasema "peupe", nawe unakata usukani bila kuuliza. Ni kazi ya kuaminiwa tu. Mtu wa paani akisema peupe mara moja pasipokuwa peupe, hapati kazi tena katika milima hii yote. Wendell alimtazamia kaka yake njia tangu ujana, na kila Jumamosi alitukanwa redioni kwa makosa yasiyo yake. Hakujibu. Mimi ningeshuka paani nikamchape.

Mama yao, Bi Ola, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Mbio hakuziona, alizisikia, na hedifoni yake sikuwahi kumtoza. Zikiisha, Wendell alikuja kumshika mkono washuke ngazi, na bibi alikuwa na mchezo wake: kila wanapofika ngazi ya kwanza anauliza, "Wendell, peupe?" Naye humjibu, "Peupe, mama." Ndipo anainua mguu.

Mwaka jana Rondal akatangaza anastaafu. Siku ya mbio zake za mwisho jukwaa likajaa, hedifoni zangu zikaisha kabla ya sala ya kufungua mbio. Wakati huohuo timu ya dereva kijana Tanner Faw, ambaye kila mtu aliona atafika mbali, ilikuwa imemwambia Wendell aje kwao msimu ujao. Alikuwa hajawahi kuitwa na mtu kwa jina lake mwenyewe. Siku zote alikuwa mdogo wake Rondal. Aliponisimulia alikuwa ameshika mkate wake wa soseji, akasahau kuula.

Mzunguko wa mwisho Rondal yuko mbele, Faw akaingiza pua ya gari lake upande wa kushoto. Tulisikia sote.

"Ndani," Wendell akasema. "Bado yuko ndani, kaka. Mwachie nafasi."

"Nimekusikia," Rondal akajibu, akakata usukani kushoto.

Faw alizunguka, akaenda kugonga ukuta. Alitolewa akiwa ameushika mkono wake wa kulia, rangi imemtoka. Rondal akapita kwenye bendera ya kumaliza, akapanda juu ya paa la gari lake, akarusha mikono. Alipopewa maikrofoni akamshukuru Mungu, akashukuru chakula cha kuku, kisha akavaa uso wa msiba.

"Namwombea Tanner," akasema, na spika zikasambaza uwanja mzima. "Mdogo wangu aliniambia peupe. Dereva anafanya nini? Unamwamini ndugu yako."

Msiniambie alisahau kuwa tunasikiliza. Alijua. Alidhani tutameza hilo kama tulivyomeza mengine yote, na mdogo wake ataishia kimya kama kawaida yake. Mtu hupungukiwa aibu kiasi hicho?

Hakuna aliyezomea. Mtu mmoja safu ya juu alivua hedifoni akaiinua hewani. Wa pili akainua. Mara jukwaa zima likawa limeinua hedifoni zangu, zikimtazama Rondal. Mwenye gari la Faw, yule aliyekuwa amemwita Wendell kazini, alisimama kule chini, uso umemkunjamana kwa maneno ya Rondal. Akazitazama hedifoni, kisha akamtazama Wendell pale paani, akavua kofia yake.

Rondal akaacha kikombe cha ushindi, akapanda ngazi mbio kwa mama yake, mpiga picha akimfuata. Bi Ola alikuwa amesimama, Wendell ameshashuka paani na kumshika mkono. Rondal akasimama ngazi mbili chini yao, mikono wazi, jasho likimtiririka.

"Mama," akasema. "Mama, nimeshinda."

Bibi hakugeuza uso. Hedifoni alikuwa nayo shingoni bado.

"Wendell," akauliza, "peupe?"

Wendell akamtazama kaka yake. Nimemsikiliza maisha yake yote ya kazi, na sikuwahi kumsikia akilisema neno lile mbele ya mtu aliyesimama njiani.

"Peupe, mama," akasema.

Bi Ola akainua mguu, na Rondal ikabidi apishe.