Ndui Ilipoingia Nyumbani Kwetu Mukurweini

Mama mkwe wangu alikuwa na uso wenye makovu madogo madogo, kama ardhi iliyonyeshewa matone ya kwanza ya mvua. Nilipoolewa Mukurweini, miaka michache baada ya uhuru, niliambiwa tu kwamba aliugua alipokuwa mtoto. Sikuuliza zaidi.

Kisha shemeji yangu, aliyekuwa akisafirisha ng'ombe kwa lori kutoka upande wa Isiolo, akarudi nyumbani akiwa na homa na maumivu makali ya mgongo. Tulidhani ni malaria. Siku kadhaa baadaye alitokwa na vipele usoni, kisha mikononi, hata kwenye viganja. Nilikuwa nimempelekea uji, mwanangu mchanga mgongoni, wakati mama mkwe alipoingia, akamwinua mgonjwa kidevu, akamtazama kwenye mwanga wa mlango.

"Toka," akaniambia. "Toka na mtoto. Hii ni mutung'u."

Ndilo jina la ndui kwetu. Wazee walilitaja kwa sauti ya chini.

"Na wewe, mama?"

"Mimi ilishanila ikashiba. Hainirudii."

Akafunga mlango akiwa ndani. Tangu hapo tulikuwa tukimwachia chakula na maji juu ya jiwe uani, naye akitoka kuvichukua tukishaondoka. Mume wangu alipanda baiskeli akaenda kutoa habari dispensari.

Kesho yake alikuja afisa wa afya, kijana mpole mwenye sanduku dogo la barafu. Alimwona mgonjwa, akatoka akinawa mikono kwa muda mrefu, akasema asihamishwe popote, maana kila atakapopitishwa ataacha ugonjwa. Kisha akanikuta nyuma ya ghala nikilia.

"Mtoto alikuwa mgongoni," nikamwambia. "Amevuta pumzi ya mle ndani. Tumechelewa."

"Bado, mama. Ndui haina haraka. Ikiingia mwilini hukaa kimya karibu wiki mbili kabla ya kuonekana. Chanjo ina mbio kuliko hiyo. Tukiiweka leo, itatangulia kufika."

Akachovya sindano yenye ncha mbili, kama uma wa kidoli, akamdonoadonoa mwanangu mkononi hata tone dogo la damu likajitokeza. Hakukuwa na zaidi. Nilitazama tone lile nisiamini kwamba ndani ya mkono mwembamba vile mashindano yalikuwa yameanza, na kwamba sisi ndio tulioondoka mbele.

Alichanja kila mtu bomani, kisha majirani, kisha kila aliyempa shemeji mkono njiani. Mwanangu alipata lengelenge moja, likakauka, likaacha kovu la mviringo. Nilikuwa nikimkagua kila asubuhi, mwili mzima, hata katikati ya vidole. Hakutokwa na kitu kingine. Wala jirani hata mmoja.

Shemeji alipona. Magamba yalimdondoka, jicho moja likabaki na ukungu, lakini alitoka akitembea, ameshikwa na mama yake. Matandiko yake yalichomwa. Yule afisa alikuwa amekuja kumwangalia kwa mara ya mwisho, na mama mkwe akamkaribisha chai.

"Mwanangu, sasa imekwenda kwa nani?"

"Haijaenda kwa mtu, mama. Haiishi kwa ng'ombe, wala kwa ndege, wala mtoni. Inaishi kwa watu peke yao. Ikikosa mtu wa kumwingia, inakufa."

"Inakufa? Yenyewe?"

"Yenyewe."

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

Alikuwa mkongwe sana, haoni vizuri, siku redio ilipotangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote. Nilimtafsiria kwa Kikuyu. Akaniomba nirudie, nikarudia. Ndipo akaanza kutaja majina ambayo sikuwa nimeyasikia kamwe: ndugu zake, dada zake, na mtoto mmoja aliyekufa akiwa bado ananyonya. Aliyataja polepole, kwa sauti ya kawaida, kama anayewaita watoto waje kula. Mimi na mume wangu tulisimama kando yake, mume wangu akavua kofia.