Dereva wa Greda na Chupa za Mibus

Verna Mibus anazima greda katikati ya barabara ya changarawe. Anashuka ngazi kinyumenyume, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hapigi mluzi. Anaitazama bledi ya kuchongea barabara, kisha mtaro. Kuna kioo kinachong'aa kwenye mchanga mwekundu.

Nyuma yake lori la maji linafunga breki. Darryl, mwenzake wa kazi, anatoa kichwa dirishani.

"Vipi, Bibi Greda? Umechoka au umepata dhahabu?"

"Chupa."

"Za bia? Hebu tikisa, huenda moja ina kitu!"

Verna hacheki. Chupa zimechomekwa ardhini shingo chini, moja kando ya nyingine, na zimechora umbo la kitanda. Kitanda chenyewe hakifiki urefu wa mkono wake.

"Darryl, njoo uone," anasema. "Taratibu. Angalia unapokanyaga."

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Mpaka leo Verna, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, akiielezea asubuhi ile huitazama mikono yake.

Mahali penyewe panaitwa Mibus, na kibao bado kipo. Gottlieb Mibus, babu wa baba yake, alifika na gari la farasi, mke na watoto, akang'oa mikaratusi na kupanda ngano. Wengine wakamfuata. Treni ilipoanza kusimama hapo ilihitaji jina la kituo, kikapewa lake. Palikuwa na shule, kanisa la Kilutheri na uwanja wa tenisi.

Kisha mchanga ukaanza kuhama. Misimu mitatu mfululizo ngano haikurudisha hata mbegu. Familia zikaondoka moja moja, reli ikang'olewa, na uzio uliozunguka kanisa na makaburi ukauzwa. Yakabaki makaburi, na kibao ambacho Verna hukinyoosha kila malori yanapokigonga.

"Watu hunitania kwamba mimi ndiye meya wa Mibus," anasema. "Meya, karani na mfagiaji."

Siku ile alimpigia simu shangazi yake, Elfrieda, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, anayeishi katika makao ya wazee mjini. Ndiye wa mwisho aliye hai kati ya waliozaliwa Mibus.

"Shangazi, kando ya makaburi, upande wa barabara, kuna chupa..."





"Usiniambie umewagusa, Verna."

Elfrieda alipokuwa mtoto, mchungaji wa Mibus alikuwa akija mara moja kwa mwezi, kwa kuwa petroli ya wakati wa vita haikutosha. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa hakuzikwa ndani ya uzio wa makaburi. Alizikwa nje, ubavuni kabisa mwa uzio, bila jina. Baba alichimba, na ndugu walipanga chupa.

"Mmoja ni mdogo wangu," Elfrieda anasema akiwa kitini kwake, shali mabegani. "Alilia mara moja tu. Baba akakimbilia tangi achote maji ambatize mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa ukame, tangi lilikuwa kavu. Akakimbilia kisimani. Aliporudi..." Anafuta mdomo. "Mimi ndiye niliyebeba chupa. Nilikuwa na miaka sita."

Kuwaomboleza watoto hao hadharani kulikatazwa. Kwa hiyo kila baada ya ibada, akina mama wa Mibus walisimama kwenye uzio ule na kuinama, kana kwamba wanafunga kamba za viatu.

Verna aliposikia hilo kwa simu aliketi chini, pale pale barabarani.

"Nilimwona bibi yangu akiinama pale, mara nyingi," anasema. "Nilikuwa mtoto, nimemshika sketi. Viatu vyake havikuwa na kamba. Vilikuwa na vifungo."

Kwa miaka ishirini na miwili ameichonga barabara hii. Greda lake lina tani kumi na saba. "Nilikuwa nikipita juu yao," anasema. "Nikipiga mluzi."

Amri ya kazi ilikuwa kupanua barabara upande ule kabla ya mavuno, ili malori mawili ya ngano yaweze kupishana. Verna aliliacha greda limekingama njiani, akarudi mjini na funguo mfukoni. Msimamizi wake, Mervyn, alimfuata hadi nyumbani.

"Dada yangu, ngano haingoji mtu."

"Basi tafuta dereva mwingine. Na umwambie atakachokipasua."

Mervyn alikwenda kujionea. Alivua kofia, akachuchumaa kando ya chupa. Tangu hapo barabara imefungwa. Mwenye shamba la ng'ambo ya barabara amekubali kutoa ukanda wa ngano yake, na Verna amechomeka vigingi pale anapotaka barabara ipinde. Baraza la wilaya litaamua mwezi huu.

"Itakuwa kona pekee katika kilomita arobaini," Darryl anasema. "Madereva watamtukana."

"Watukane," Verna anajibu. "Ila wapunguze mwendo."

Baraza likikubali, Verna ataichonga kona hiyo mwenyewe. Siku atakapoimaliza, amepanga kumleta shangazi yake. Alimuuliza kama atahitaji kiti cha magurudumu.

"Niletee mto wa kupigia magoti," Elfrieda alijibu. "Na univishe ndara. Safari hii sifungi kamba yoyote."