Kiuno cha Mwenyekiti

Jumapili mchana fundi cherehani alikuwa akitazama tamthilia, suruali ya mumewe mapajani. Rais wa kwenye tamthilia alikuwa mgonjwa sana, lakini akaamuru wananchi wasiambiwe.

"Ana akili huyu," mumewe akasifu. Yeye alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko, na alikuwa akigombea tena. "Kiongozi akionekana anaumwa, watu wanagombania kiti naye bado amekikalia."

Fundi akazima televisheni.

"Kiuno chako nimekipunguza mara tatu mwaka huu, na mkanda wako umeishiwa matundu. Nikiuliza, unasema mazoezi. Mazoezi gani, ya kumkimbia daktari?"

"Mama watoto, punguza sauti. Majirani ni wapiga kura."

"Wasikie! Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe nitalia mimi, si wanachama wako!"

Mwenyekiti akaomba wiki mbili tu, uchaguzi upite. Fundi alikuwa amepatana na wateja miaka ishirini. Alijua anayesema "nitarudi" harudi. Akamtupia suruali.

"Siitii sindano mpaka daktari akupime. Kesho nenda mkutanoni umeishika kwa mikono miwili, tuone utawapungia kwa mguu gani."

Mwenyekiti akaijaribu. Ikamdondoka hadi magotini. Akiwa amesimama hivyo, akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi.

"Saa mbili," fundi akajibu, bado amefura. "Na kwa daktari tunaingia wote, maana mdomo wako siuamini tena."