Mama Suruali, fundi cherehani wa kiwanda cha chuma

Kumekucha. Tanuru la kuyeyushia vyuma chakavu linanguruma hadi watu wanazungumza kwa mikono. Nyuma ya ukuta wake, katika chumba chenye dirisha moja, mwanamke aliyefunga miwani yake kwa uzi anakanyaga cherehani.

Anashona mfuko mwembamba, mrefu kuliko watu wawili. Wenzake wanamwita Mama Suruali.

"Suruali hii ataivaa nani?" anaulizwa.

"Moshi," anajibu bila kuinua macho.

Hatanii sana. Feni kubwa huvuta moshi wa tanuru na kuupitisha kwenye mamia ya mifuko ya aina hiyo. Vumbi hunaswa kwenye kitambaa, hewa inatoka. Mifuko ikitoboka, vumbi linawarudia wafanyakazi.

Zamani alikuwa akishona magauni ya harusi nyumbani. Mumewe, fundi wa tanuru, alirudi kila jioni akitema makohozi meusi. Mifuko ilikuwa imechakaa, na mipya iliyoagizwa ng'ambo haikufika.

"Kila akicheka, anakohoa. Basi akaacha kucheka," anasimulia. "Hapo ndipo nilipoogopa."

Akamfuata msimamizi wa tanuru, rafiki wa mumewe, na kumwomba mfuko mmoja uliotoboka, ajaribu kushona mwingine kama huo.

"Shemeji, hili si gauni la harusi," msimamizi alimwambia.

"Najua. Bibi harusi harushi cheche."

Mfuko wake wa kwanza uliachia mishono siku hiyohiyo. Uzi uliungua wote. Alijifungia chooni akalia. Msimamizi, ambaye sasa naye alikuwa ameshikwa na hamu ya kujua mwisho wake, alimtafutia uzi unaohimili moto. Mama akarudia mshono mara tatu, mmoja juu ya mwingine. Mfuko ukashika, akaajiriwa.

Kwa mumewe, nafuu ilichelewa. Daktari aliagiza aondolewe kazi ya tanuru. Siku hizi yuko stoo, na ngazi bado zinamtoa pumzi.

"Ila vichekesho vyake vibovu vimerudi," anasema mkewe. "Navumilia."

Sasa macho yake yako upande wa kuchambulia chakavu, ambako hakuna feni na watu hujifunga vitambaa puani. Mkurugenzi ameahidi kuweka feni huko mwezi ujao.

"Mifuko yao nimeshaikata," anasema, akivuta kitambaa kingine. "Akisahau, naenda kuitandaza ofisini kwake, nishonee hukohuko."