Pikapu ya Mtu wa Nyumbani

Watu husema mdomo wangu hauna breki, na hawajakosea. Nikiuziwa nyanya iliyooza sokoni Kawangware nitairudisha hata ikiwa moja, na soko lote litanisikia. Ndiyo maana mpaka leo najishangaa. Siku ambayo mdomo huu ulihitajika kweli, niliufunga.

Mume wangu ni fundi wa vitanda hapa Laini Saba. Wateja wake wengi wako Kawangware, na kwa miaka mingi aliwapelekea vitanda kwa mkokoteni, akivuta mwenyewe. Mwaka juzi mgongo ulikataa. Daktari wa kliniki aliangalia picha akamwambia waziwazi kwamba akiendelea kuvuta, hatatembea. Pale sikulia, nilikuja kulia nyumbani. Tukakubaliana kutafuta gari la mizigo, hata liwe kuukuu namna gani, bora tu huo mgongo upumzike. Tuliuza ng'ombe wetu wawili wa ushago, kule kijijini, na mimi nikatoa akiba yangu yote ya chama cha akina mama.

Gari tulilipata kwa mtu wa nyumbani. Sisi watu wa Western tulio huku tuna chama chetu cha mazishi, kwa sababu mtu wetu akifia Nairobi hatumwachi Nairobi, lazima arudi kwao. Huyo bwana ndiye mweka hazina. Ana basi dogo, na wakati huo alikuwa pia na pikapu aliyotaka kuiuza. Mama mkwe wangu alipofia kwetu hapa Nairobi, ni yeye aliyetoa basi lake, akaendesha mwenyewe mpaka bomani, na mafuta akajaza kwa mfuko wake. Mtu kama huyo utamdai karatasi vipi?

Na nilikuwa najua, hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Dada wa saiba, duka la intaneti kule Sarang'ombe, alinionya kwamba kabla sijatoa hata shilingi nimpelekee namba ya gari. Angeiangalia kwa kompyuta na ningeona ni la nani, na kama limewekwa rehani kwa mkopo. Gharama yake haikupita bei ya kuku mmoja. Nilipomwambia mume wangu, alinitazama kama nimemtukana marehemu.

"Aliyembeba mama yangu, ndiye nimchunguze?" aliniuliza.

Nikaona aibu. Saiba sikurudi.

Tulipoenda kuiona hiyo pikapu kwake Kawangware, tulionyeshwa kopi ya karatasi za umiliki. Eti zenyewe ziko kwa mtu wa ofisini anayeshughulikia kubadilisha jina. Tukalipa, tukapewa funguo. Halafu vikaanza vijipesa vya juu. Kwanza ya kubadilisha jina, wiki iliyofuata ya ukaguzi, kisha ya kusukuma faili, kisha chai ya huyo mtu wa ofisini ambaye hatukuwahi kumwona hata kivuli. Kila mara bwana yule alipiga simu kwa upole, shemeji imebaki kidogo tu, na mimi ninayegombania shilingi tano ya sukuma wiki nilituma. Risiti hatukupewa hata moja, na mkataba hatukuandika. Tulifanya mambo kindugu, kama wajinga.

Pikapu tulikaa nayo wiki saba. Sitadanganya, zilikuwa tamu. Mume wangu alianza tena kulala chali. Aliiosha kila Jumamosi mpaka majirani wakamtania kwamba ameoa bibi wa pili. Nami nikawaambia huyo mke mwenza nampenda, angalau anabeba mizigo.

Jumanne moja alikuwa Kawangware anashusha kitanda na godoro la mteja. Wakaja madalali wanne na barua na gari la kukokota. Namba kwenye barua ilikuwa ileile ya pikapu yetu, injini ileile. Kumbe bwana yule aliiweka pikapu rehani akachukua mkopo kabla hajatuuzia, na mkopo hakuulipa. Waliivuta godoro la mteja likiwa bado nyuma. Mume wangu aliwakimbilia hatua chache, mgongo ukamkamata, akaketi katikati ya barabara. Watu walimzunguka wakimpiga picha kwa simu.

Polisi walitaka mkataba, tukawa hatuna. Wakatuambia hiyo ni kesi ya wakili, na wakili akataka pesa kabla hata ya kutusikiza. Madalali nao walisema tukiitaka pikapu tulipe mkopo wote, pamoja na ada ya kulazwa kwenye uwanja wao kila siku. Haki ya Mungu nilicheka, peke yangu, pale dirishani kwao.

Nikaenda kwa yule bwana. Alinikaribisha chai, na mkewe akaniuliza mzee anaendeleaje. Yeye akasema mambo yalimharibikia, alitumaini kulipa kabla hatujajua, na Mungu ataleta njia. Hakukana, na msamaha hakuomba. Chai sikuigusa. Nikainuka, nikatoka.

Jumapili chama kingekutana Sarang'ombe. Niliapa nitasimama nimwanike mbele ya wote, chama kimlazimishe aturudishie chetu. Nilivaa mapema. Mume wangu alikuwa amelala kwa ubavu, uso ukutani. Tangu pikapu iende alikuwa amevuta mkokoteni mara mbili, kwa sababu watoto lazima wale, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Nilidhani amesinzia, lakini nilipofika mlangoni akaniita.

"Ukimwaibisha ataondoka chamani na basi lake," alisema. "Sasa mimi nikifa, utanipeleka nyumbani na nini?"

Nilimwambia aache upuzi, hafi.

Mkutanoni niliketi mstari wa nyuma. Walipouliza kama kuna mwenye neno, niliangalia viatu vyangu. Mwishoni tukapanga foleni ya mchango wa mwezi. Bwana yule alipokea wetu mkononi mwangu, akaniandika, akasema asante shemeji. Nikamwambia karibu.