Mama Aliyelala Ameketi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mtaa wa New Site, Juba, Sudan Kusini, miaka ile baada ya mkataba wa amani, tulipokuwa tukirudi kutoka Kenya familia baada ya familia. Nilikuwa kijana, nikipokea mizigo uwanja wa ndege, na nyumbani nilikaa na mama yangu mzazi. Alikuwa amepita miaka sitini, na mtaa mzima uliijua desturi yake: halali kitandani. Alilala kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, ameegemea ukuta, kanga mabegani.

Hatukushangaa. Wanawake wengi wa rika lake walirudi na jambo fulani la vita. Mmoja hakuvua viatu, mwingine hakuzima taa. Wetu hakulala chini. Jirani yetu, Mkenya wa benki, alizoea kumtania: "Mama, kwa vile uko hapo mlangoni, mimi namwachisha kazi askari wangu wa usiku." Mama alikuwa akijibu, "Basi nilipe mimi. Anayelala chali huchelewa kukimbia." Tukacheka, siku zikaenda. Mazoea yana taabu, mwanangu.

Asubuhi hiyo Khalti Keji, mdogo wake mama, alikuwa ametutembelea kutoka Lemon Gaba, mtaa mwingine wa Juba. Miaka ya vita aliishi Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alimkuta dada yake kitini, akaitazama miguu, akabonyeza kifundo kwa kidole. Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Huyu iko nalala hivi tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu vita, Khalti."

"Vita gani? Mimi pia ilikimbia, na mtoto kwa mgongo. Na mimi nalala kama gogo. Uliza watu ya Lemon Gaba, wanalia juu ya kukoroma yangu."

Kisha akamgeukia dada yake kwa Kibari, lugha yetu, akamwomba alale chini kidogo, aone. Mama akakataa. Khalti akaomba tena, kwa upole zaidi. Ndipo mama aliposema jambo ambalo sikuwahi kulisikia: "Nikilala chini nazama."

Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umetanuka kwa presha ya muda mrefu. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujikusanya mapafuni. Mgonjwa akilala chali hukosa pumzi, akiketi hupata nafuu. Kiti kile kilikuwa dawa aliyojitafutia mwenyewe.

"Mama, mbona hukuniambia?" nilimwuliza.

"Mlikuwa mmeshajua sababu," akasema. "Nikadhani labda mnajua."

Vidonge vilimwongezea miaka, lakini nguvu hazikurudi. Alipika akiwa ameketi, akafagia nusu ya uwanja, akapumzika, akaacha. Tangu hapo nimesoma kila kijitabu cha moyo kilichonifikia. Nimejifunza kwamba moyo wa mwanamke mzee haulii kwa sauti kila mara. Mara nyingi hujionyesha kwa uchovu, kwa miguu kuvimba, kwa mto kuongezwa juu ya mto. Na kukosa usingizi kwenyewe huipandisha presha. Sasa nami nameza vidonge vya presha, na kila siku nalala saa ile ile, kazi ibaki ilipobakia. Nimechoka, mwanangu, lakini nalala.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wao walimsema mgonjwa. Mimi nawasema pia wanaomfichia kwa maelezo yao mazuri. Kila asubuhi tunawauliza mama zetu, "Umelalaje?" nao hujibu "Salama," kwa kuwa ndiyo adabu. Usiondoke hapo. Uliza tena: umelala chini au umeketi? Kwa mito mingapi? Uliamka ukitafuta hewa? Akijibu lisilokupendeza, mpeleke akapimwe, hata kama ana sababu nzuri, hata kama sababu hiyo ni vita.

Mungu akujalie kumkuta mama yako hai kila kunapokucha, na akupe subira ya kungoja jibu lake la pili.